Mgeni Hurudi kwa Lipi?

Zamani abiria walingoja pantoni pale Ndundu, na mama ntilie walipata wateja. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, magari hupita moja kwa moja. Je, mgeni atasimama kwa lipi, na atarudi kwa lipi?

Tutazame hoteli ya kisiwa cha Chumbe, Zanzibar. Ina vibanda 7 tu vya wageni. Maji ni ya mvua, taa ni za nguvu ya jua, na vyoo havimwagi uchafu baharini. Waliokuwa wavuvi wakawa walinzi wa matumbawe. Mgeni akiyakuta aliyoahidiwa, hurudi.

Akina mama wa Rufiji, mikoko tunayo. Tuitunze, tupike kwa usafi, tusimdanganye mgeni. Atarudi na wenzake.