Pikapu za Kigeni na Ujuzi Usioandikwa

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Hawakusema, hata hivyo, kwamba mgeni huyo akiwa wa chuma hana budi kwanza kufundishwa njia za mwenyeji. Nakusudia kuzungumza leo juu ya pikapu, gari ambalo hapa Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki, Embu na Meru limekuwa punda wa kila mtu. Hubeba majani chai, maziwa, kabichi, mbao, saruji, ng'ombe na, pale sheria inapofumba macho, hubeba watu. Pikapu hizi zilibuniwa mbali nasi, na watu ambao aghalabu hawajawahi kuiona barabara ya Mukurwe-ini baada ya mvua. Swali langu ni hili: ni nani anayezibadilisha ziweze kuishi nasi, na ujuzi wake umehifadhiwa wapi?

Huenda msomaji akashangaa mwalimu wa isimu anatafuta nini gerejini. Jibu si gumu. Kazi yangu ni kuchunguza yanayolisibu neno la kigeni liingiapo katika Kiswahili. Kifaa cha kupunguza mtikiso wa gari kilitujia na jina la Kiingereza ambalo ulimi wetu haukuliweza. Mafundi wakalifinyanga, likawa shokomzoba. Chombo cha kupozea maji ya injini kikawa rejeta. Zingatia kwamba neno halibadiliki sehemu moja tu. Likiisha kupata irabu yake ya mwisho huingia katika ngeli, na likiingia katika ngeli, kivumishi na kitenzi havina budi kukubaliana nalo. Ukikigusa kiungo kimoja cha sentensi, umevigusa vyote. Naomba kanuni hii ikumbukwe, kwa maana tutaihitaji tutakapofika kwenye breki.

Tuanzie Marekani, taifa lenye mazoea ya kumdai kila mgeni afuate desturi zake. Mapema katika miaka ya 1960 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilipandisha ushuru wa kuku waliotoka Marekani. Mwezi Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson akajibu kwa kutoza ushuru wa asilimia 25 juu ya bidhaa kadhaa, yakiwamo malori madogo. Waliokusudiwa ni Wazungu wa Ulaya, lakini mzigo ukaja kuwaangukia Wajapani, ambao pikapu zao ndogo zilikuwa zinaanza kupendwa na Wamarekani.

Penye nia pana njia. Gari lililofika bandarini bila bodi ya nyuma lilitozwa asilimia 4 tu. Basi Isuzu ile ile tuijuayo sisi, iliyouzwa huko tangu 1972 kwa jina la Chevrolet LUV, ikawa inavuka bahari ikiwa na kichwa, injini na chesisi, kisha huvishwa bodi ikishafika. Toyota nayo ilifanya vivyo hivyo, bodi za Hilux zikiundwa Long Beach, jimboni California. Serikali iliuziba mwanya huo mwaka 1980. Kampuni ya Subaru ilikuwa na hila ya kuchekesha zaidi. Katika pikapu yake iitwayo BRAT, iliyoanza kuuzwa huko 1978, ilifunga viti viwili vya plastiki kule nyuma penye mizigo, abiria wakitazama walikotoka, ili gari lihesabiwe kuwa la abiria na kutozwa asilimia 2.5 tu.

Baadaye hila zilikoma na kazi ya dhati ikachukua mahali pake. Mwaka 1995 Toyota iliwaundia Wamarekani pikapu yao wenyewe, Tacoma, na Hilux ikaaga soko hilo. Ford Ranger iliyobuniwa Australia ilianza kuuzwa ulimwenguni mwaka 2011, ikiundwa Thailand na Afrika Kusini, lakini haikuingia Marekani mpaka 2019. Kabla ya hapo ilirekebishwa, ikatengewa kiwanda jimboni Michigan, na dizeli iliyozoeleka kwingineko ikaachwa ili iwekwe injini ya petroli. Iwe ni kwa hila au kwa sheria, jambo moja halikubadilika: mabadiliko yalichorwa, yakapimwa na kujaribiwa na watu wenye dhamana, kabla ya mnunuzi kushika usukani.

Sisi nasi tuna kisa chetu, na kwa sadfa kinakaribiana sana na kile cha BRAT. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliwaruhusu wenye magari madogo ya abiria kufanya kazi bila leseni maalumu. Magari hayo yalikwisha kupata jina kutokana na nauli ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Na kwa kuwa tatu kwa Kikuyu ni matatu, jina likaganda. Mengi yalikuwa pikapu zilizovishwa paa la bati au turubai na kuwekwa mabenchi mawili ya mbao, abiria wakitazamana magoti kwa magoti. Mmarekani aliweka viti nyuma ya pikapu ili amlaghai mtoza ushuru. Mkulima wa Tetu aliwekewa benchi kwa sababu hapakuwa na basi la kumfikisha hospitalini.

Gari lililosifika sana kwa kazi hiyo ni Peugeot, 404 na baadaye 504. Jina lake lilijengwa na mashindano ya Safari Rally, ambayo 404 iliyashinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968; nayo 504 ikashinda 1975 na 1978. Viwanda vya kuunganishia magari vilianzishwa Thika, Mombasa na Nairobi katika miaka ya 1970, na 504 yenyewe iliunganishwa humu nchini kwa miaka mingi. Kiwanda, hata hivyo, kiliunganisha tu kile kilichobuniwa ng'ambo. Bodi, mabenchi, springi za ziada na ngazi ya nyuma ya kupandia karia vilikuwa kazi ya fundi wa mjini. Mimi ni miongoni mwa watoto waliosafirishwa hivyo katika miaka ya 1980, na nakumbuka kwamba hapana aliyeuliza ni nani aliyelipima benchi.

Mlima una madai yake. Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,750 juu ya bahari, na Nanyuki huikaribia mita 2,000. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ile ya Mombasa, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo. Udongo mwekundu, mvua za Machi hadi Mei zikiunyeshea, huwa kama sabuni. Isitoshe, pikapu iliyobuniwa kubeba tani moja hapa hutwikwa zaidi ya hapo. Huko Igembe, Hilux za miraa hushindana na saa, kwa maana jani likinyauka bei nayo hunyauka. Uholanzi na Uingereza zilipiga marufuku miraa mwaka 2013 na 2014, lakini walaji wa humu nchini na wa nchi jirani hawakuacha kungoja.

Ndipo anapoingia fundi. Huongeza vyuma kwenye springi za nyuma, akainua gari, akachomelea fremu ya kushikilia turubai, akabadilisha tairi na kufunga bampa la bomba. Fundi mmoja wa Karatina nilimwuliza anajuaje ni vyuma vingapi vinavyofaa kuongezwa. Alinijibu bila kuinua kichwa: "Mwalimu, mimi humwuliza mwenye gari anabeba nini, halafu namwuliza barabara ya kwao ikoje." Nimesoma tasnifu zisizokuwa na kanuni ya wazi kama hiyo. Mtu huyu hutafiti mazingira kabla ya kutenda. Kinachokosekana ni daraja baina ya ujuzi wake na ujuzi wa yule aliyelichora gari.

Nitatoa mfano mmoja, nao ndio ulionifanya nishike kalamu. Katika pikapu nyingi za Kijapani zilizomo barabarani mwetu ipo vali ndogo ya breki karibu na ekseli ya nyuma. Vali hiyo imefungwa kwenye fimbo inayopima umbali uliopo baina ya chesisi na ekseli. Gari likiwa tupu, sehemu ya nyuma huwa juu, magurudumu ya nyuma huwa mepesi, na breki kali zingeyafanya yakwame na kuteleza. Kwa hiyo vali hupunguza nguvu ya breki za nyuma. Gari likipakiwa mzigo, chesisi hushuka, fimbo husogea, na vali huruhusu nguvu zaidi. Kwa maneno mengine, breki husoma alama moja tu, nayo ni kuinama kwa gari.

Sasa fundi ameongeza vyuma vitatu. Gari limebeba tani nzima na zaidi, lakini haliinami kama lilivyokusudiwa kuinama. Vali husoma alama ile ile iliyozoea, ikaamini kwamba gari ni tupu. Breki za nyuma zikanyimwa nguvu, zile za mbele zikaachiwa kazi yote, na katika mteremko mrefu zikapata moto hata zikachoka. Kila fundi alifanya kazi yake vizuri: Mjapani alibuni vali nzuri, na wa Karatina akatengeneza springi nzuri. Vyombo viwili vizuri havikupatana. Katika taaluma yangu tungesema nomino imehamishwa ngeli, kitenzi kikaachwa na kiambishi chake cha zamani. Tofauti ni kwamba sentensi mbovu haiui mtu.

Tiba ipo, nayo ni nyepesi: springi zikibadilishwa, fimbo ile irekebishwe kulingana na kimo kipya. Wapo mafundi wanaolijua jambo hili na kulitenda. Wapo pia ambao hawajawahi kuambiwa, kwa sababu maelezo yake yamo katika vitabu vya makampuni, kwa lugha na istilahi zisizowafikia. Wenye kuijua barabara ya Chuka kwenda Meru wanajua maana ya mteremko wa Nithi, ambako mwezi Julai 2022 basi lilitumbukia mtoni na kuwaua watu zaidi ya 30. Sisemi kwamba basi lile lilikuwa na kasoro ninayoieleza hapa. Lilikuwa basi, si pikapu. Nasema tu kwamba katika mteremko wa namna hiyo breki haina nafasi ya kusoma vibaya.

Yuko atakayesema dawa ni kupiga marufuku mabadiliko yote, gari libaki kama lilivyotoka kiwandani. Namheshimu kwa nia yake, lakini hoja yake haisimami. Wamarekani wenyewe hawakukubali pikapu ya ugenini ibaki kama ilivyobuniwa. Kwa nini mkulima wa Othaya alazimike? Marufuku ingeifukuza kazi hiyo kutoka gereji ya wazi hadi uani, usiku, pasipo jicho la mkaguzi. Yuko na mwingine atakayesema tuunde gari letu wenyewe. Hilo tulilijaribu. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Magari matano ya Nyayo yakaonyeshwa mwaka 1990, na hayakupata kuuzwa madukani. Juhudi ile ilistahili pongezi. Lakini wakati macho yote yalipoelekezwa kwenye gari lisilokuwapo, elimu ya kuyarekebisha yaliyopo iliendelea kulala chini ya mwembe na kando ya barabara. Moi alipowatembelea mafundi wa jua kali wa Kamukunji mwaka 1985, walipatiwa mabati ya kujikinga na jua. Vitabu hawakupatiwa.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko hapa hapa Nyeri. Wanafunzi wake wa uhandisi wapelekwe gerejini muhula mzima, wakapime na kuandika yale ambayo mafundi huyafanya kwa mazoea, kisha mafundi hao waalikwe chuoni waone vipimo vyao na kuvikosoa. Pili, bodi za mabasi tayari zina kiwango chake cha kitaifa, KS 372. Roho ya kiwango hicho iifikie pikapu: kila anayebadilisha springi aandike kwenye kadi alichoongeza na jinsi alivyorekebisha breki, atie sahihi, na kadi ikae ndani ya gari. Fundi mwenye sahihi ana jina, na mwenye jina hulilinda.

Tatu ni letu sisi wa lugha. Kitabu cha mwongozo kiandikwe kwa Kiswahili, na kitumie maneno ya gerejini: shokomzoba, difu, rejeta, chesisi. Tusiwabunie mafundi istilahi za mezani ambazo itabidi wazitafsiri tena kabla ya kushika spana. Mimi sijakiona kitabu cha namna hiyo kuhusu springi na breki za pikapu, na sioni kwa nini idara za Kiswahili, ambazo zimemimina wino mwingi juu ya ngeli, zisishirikiane na wahandisi kukiandika.

Wanenao husema fundi hasifiwi kwa jina ila kwa kazi yake. Wakati umewadia kazi hiyo iandikwe, maana akifa na ujuzi wake kichwani, atakayerithi karakana atarithi spana tu. Na msomaji mwenye pikapu asingoje chuo wala serikali. Siku utakapoongezewa vyuma vya springi, uliza swali moja kabla ya kulipa: "Fundi, na ile fimbo ya breki umeirekebisha?"