Kemisti ya Mtaani Njiru: Dirisha Dogo, Amana Kubwa

Usiku, mtoto akishikwa na homa, mama wa Njiru hafikirii kwanza hospitali kubwa. Humfunga mwanawe kwa leso na kuelekea kemisti ya kona, ambako taa ingali inawaka. Duka hilo tumelizoea hata twadhani limekuwapo daima. Sivyo.

Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ilianza kutumika mwaka 1957, enzi ya ukoloni. Wakati huo maduka ya Nairobi yalikuwa zaidi mikononi mwa Wazungu na Wahindi. Mwafrika aliyetamani kumiliki duka la dawa alikabiliwa na vizuizi viwili: leseni na elimu. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 ililegeza cha kwanza, kwa kuwawekea mipaka wafanyabiashara wasio raia. Cha pili kilianza kulegea mwaka 1974, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kufundisha wafamasia. Kabla ya hapo, shahada hiyo ilitafutwa ng'ambo.

Nao mji ulizidi kutanuka kuelekea mashariki. Njiru, iliyojulikana kwa machimbo yake ya mawe, ikajaa nyumba kandokando ya barabara ya Kangundo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 626,482 katika kaunti ndogo ya Njiru. Kwa umati huo, kemisti ya jirani imekuwa mlango wa kwanza wa tiba.

Lakini ukaribu una hatari zake. Wako wauzao dawa bila ujuzi wala idhini, na wako wanunuao antibiotiki nusu dozi kwa kukosa fedha. Dozi isiyotimia huacha vijidudu vikiwa hai, navyo hujifunza kuishinda dawa. Kesho ugonjwa uleule hautibiki kwa urahisi.

Basi, mama mpendwa, uingiapo dukani tazama ukutani: je, ipo leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu? Sema kama una mimba au unanyonyesha. Ukikusudia kufunga Ramadhani, uliza mapema namna ya kupanga saa za dawa, wala usizikate kwa rai yako. Mjuzi wa kweli hataudhika kuulizwa. Kizazi kilichotangulia kilipigania haki ya kuimiliki meza ile. Kizazi chetu kina wajibu wa kuhakikisha aliyesimama nyuma yake anaistahili amana.