Wakili, Wazazi na Amana ya Mtoto



Siku moja mwanafunzi wetu, mtoto wa miaka 8, alikaa mbele ya msahafu wake asisome. Tulipomwuliza kisa, alisema: "Maalim, baba ataka niseme kwa hakimu kuwa mama hunipiga, na mama ataka niseme baba hanilishi. Nikisema lipi sitapata dhambi?" Wazazi wake walikuwa wameachana, na kila mmoja amejiwekea wakili.

Kuweka wakili si haramu. Vitabu vya fiqhi vina mlango mzima wa wakala, na imepokewa kuwa Sayyidna Ali, Mungu amuwie radhi, alikuwa akimweka nduguye Akil kuwa wakili wake katika madai. Khasa mama asiyejua mambo ya mahakama huenda akapoteza haki yake kwa kukosa msemaji. Lakini wakili hunena aliyoambiwa. Ukimpa kweli ataipanga, na ukimpa uongo ataupanga vile vile, na mzigo wake utauchukua wewe. Naye akijua kuwa ni uongo, mtakuwa washirika, kwani Suratun Nisaa, aya ya 105, imekataza kuwatetea wahaini.

Bibi Ummu Salama amesimulia hadithi, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) alionya kuwa yeye huhukumu kwa ayasikiayo, na huenda mmoja akamshinda mwenziwe kwa ufasaha wa hoja. Atakayepewa haki ya nduguye kwa njia hiyo amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haigeuzi batili kuwa haki, itakuwaje hukumu ya hakimu wetu wa leo?

Tena mlango wa kwanza si wa wakili. Aya ya 35 ya sura hiyo yataka mwamuzi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yataka, kwa kawaida, ugomvi upelekwe kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani.

Na talaka ikiisha kuwa, mtoto si ngawira ya vita. Sheria hiyo yatanguliza maslahi ya mtoto, na huchukulia kuwa aliye chini ya miaka 7 yafaa akae na mamaye, ila pakiwa na sababu ya kinyume chake. Madhehebu ya Shafii nayo humwacha kwa mamaye mpaka afikie kupambanua mambo, kiasi cha miaka 7, kisha hupewa khiyari. Lakini ana khiyari gani mtoto aliyefunzwa maneno ya kusema?

Basi enyi wazazi, mwambieni wakili kweli tupu. Mwagizeni aandike mliyopatana juu ya nafaka, masomo na siku za kuzuruiana. Wala msimfanye mtoto shahidi wa chuki zenu.

Yule mwanafunzi tulimjibu: "Sema uliyoyaona, na usiyoyaona nyamaza." Kisha tukawaendea wazazi wake, mmoja mmoja, tukawasomea swali lake. Baba aliinama, na mama alilia. Kesi haikufutwa, lakini kila mmoja alikwenda kwa wakili wake akaliondoa neno lile. Na mtoto akarudi kusoma.