Swichi ya Usukani: Sehemu Ndogo Yenye Dhamana Kubwa

Taa za mbele za gari zikizimika ghafla usiku, balbu ndiyo hulaumiwa kwanza, kisha fyuzi. Lakini kosa laweza kuwa katika swichi iliyofungwa chini ya usukani, ile ambayo huwasha taa, huonyesha ishara ya kukata kona na huendesha vifuta kioo.

Katika magari mengi ya zamani, mkondo wote wa taa za mbele hupita ndani ya swichi hiyo. Balbu mbili za wati 55 kila moja, katika umeme wa volti 12, huvuta ampea 9 hivi. Vipande vya metali vinavyogusana vikiwa safi, ukinzani wake ni mdogo mno. Lakini kila taa zinapozimwa, cheche ndogo huunguza nyuso za vipande hivyo, na ukinzani huongezeka mwaka hata mwaka. Ukifikia omu 0.1 tu, joto lizaliwalo, yaani mkondo mara mkondo mara ukinzani, hukaribia wati 8. Likikusanyika mahali padogo kama ukucha, laweza kulainisha plastiki. Vipande hulegea, ukinzani huzidi, na joto nalo huzidi tena.

Swichi iliyoungua hubadilishwa. Fundi mwangalifu huanza kwa kuzinyosha tairi za mbele, kisha hufungua waya hasi wa betri. Gari lenye mfuko wa hewa wa usalama huachwa kwanza kwa muda ulioandikwa katika kitabu cha mtengenezaji, kwani umeme uliobaki waweza kuufyatua mfuko na kumjeruhi mtu. Baada ya hapo huweka alama kwenye usukani na mhimili wake, hulegeza nati, na kuuvuta usukani kwa kifaa maalumu. Haugongi kwa nyundo, kwa maana mhimili wa magari mengi umeundwa ujikunje wakati wa ajali, nao waweza kuharibika.

Vifuniko vikiondolewa, plagi za waya huchomolewa na skrubu hufunguliwa. Plagi yenye dalili za kuungua nayo hubadilishwa, la sivyo swichi mpya itaungua vilevile. Usukani hurudishwa penye alama, nati hukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji, na kila taa hujaribiwa kabla gari halijaondoka.

Hata hivyo, kubadilisha swichi si kuondoa chanzo. Mwenye gari akifunga balbu za wati 100, mkondo hufikia ampea 17 hivi, na joto katika ukinzani uleule huzidi mara tatu. Dawa ni kubaki na balbu za kiasi kilichopangwa na kutumia rilei, yaani swichi iendeshwayo kwa sumaku-umeme. Hapo swichi ya usukani hupitisha mkondo mdogo tu wa kuamsha sumaku, na mzigo mkubwa hubebwa na rilei. Kanuni ya joto ambayo mwanafunzi huikokotoa ubaoni ndiyo hiyo hiyo inayoamua kama dereva ataiona barabara usiku.