Mwanamke kwenye gemu: shujaa au pambo la macho?

Ukipita jioni mbele ya kibanda cha gemu mtaani, utawakuta vijana wamebanana mbele ya televisheni. Wengi hucheza mpira. Wakichoka na mpira huingia kwenye michezo ya kupigana, na hapo mzazi anayechungulia mlangoni hushtuka: mwanamume kavaa deraya kuanzia shingoni hadi miguuni, na mwanamke aliye kwenye vita hivyo hivyo kavaa kama anayekwenda kuogelea.

Wengi wetu husema tu "hawa hawana haya", tukaondoka. Ni kweli, lakini hatujafika kwenye kiini. Swali si nguo peke yake. Swali ni hili: mwili ule umeumbwa kwa ajili ya nani?

Tuchukue mfano wa Metroid, gemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1986. Shujaa wake, Samus, amefunikwa na vazi la vita mchezo mzima, na wachezaji wengi walimdhania mwanamume. Mwisho wa mchezo ndipo anapofichuliwa kuwa ni mwanamke. Lakini kadiri mchezaji alivyomaliza haraka, ndivyo Samus alivyovuliwa zaidi. Aliyemaliza chini ya saa 1 alimwona kwa nguo ya kuogelea. Yeye ndiye aliyepigana, kisha mwili wake ukawa zawadi ya mwengine. Hiyo ndiyo maana ya kumfanya mtu kuwa kitu.

Kuna wanaojibu kwamba hata wanaume huonyeshwa vifua wazi, wakimtaja Kratos wa God of War. Ni kweli, kifua chake ki wazi. Lakini kijana anayemcheza Kratos hupewa ile misuli aivae kama yake, ajihisi ana nguvu. Mwanamke aliyevuliwa hupewa kijana yule yule amtazame. Mmoja ni wa kuigwa, mwengine ni wa kuangaliwa.

Wafanyabiashara nao husema bila ya hayo gemu haiuzi. Lara Croft wa Tomb Raider alitolewa mwaka 1996 na kampuni ya Core Design ya Uingereza. Alikuwa mwanamke jasiri, mjuzi wa mambo ya kale, wakati ambapo mashujaa wa gemu karibu wote walikuwa wanaume. Hata hivyo matangazo yalimnadi kwa kifua chake kuliko ujasiri wake. Mwaka 2013 alibuniwa upya: suruali ndefu, umbo la kawaida, na hadithi iliyoandikwa na mwanamke, Rhianna Pratchett. Toleo hilo ndilo lililouzwa zaidi katika mfululizo mzima wa Tomb Raider.

Kwa nini litushughulishe sisi? Kwa sababu macho hayana pazia, na yanachokizoea hukidai. Mwaka 2020, The Last of Us Part II ilipomleta Abby, mwanamke mwenye mikono minene ya askari, baadhi ya wachezaji walikasirika na kudai kwamba hakuna mwanamke wa namna ile, ilhali wapo. Tayari jicho lilikuwa limefunzwa kwamba mwanamke ni lazima apendeze kwanza, ndipo apewe kazi yoyote. Jicho hilo haliachwi kibandani. Hurudi nalo nyumbani, shuleni na kazini. Na binti anayecheza naye hufunzwa kujitazama kwa jicho hilo hilo.

Kupiga marufuku hakutoshi, maana simu iko mfukoni. Keti na mwanao dakika chache anapocheza, umuulize: mbona huyu kafunikwa deraya na mwenziwe yu uchi nusu, na wote wanapigwa risasi? Mwache ajibu mwenyewe. Mtoto akishaliona hilo mara moja, ataliona kila anapocheza, hata wewe usipokuwepo.