Ngoja Ngoja Huumiza Mfupa

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nawaambia huumiza hata mfupa. Ukiniona kwenye gwaride la asubuhi nimeinua mkono wa kushoto na haunyooki, usidhani ni mbwembwe. Mkono huu ndio ulionifanya nishike kalamu.

Nilipokuwa shule ya msingi, likizo ya Agosti, niliteleza juu ya mpera nikaanguka pu! Katika zahanati ya karibu nilipigwa picha ya eksirei, nikafungwa gango, mama akapewa bahasha ya kaki aipeleke hospitali kubwa kwa daktari wa mifupa. Kule hospitali kubwa karani aliipokea bahasha, akaiweka juu ya rundo la bahasha nyingine za kaki. Tukangoja hadi jioni.

"Mama, hiyo picha haionekani. Rudini kesho."

Tukarudi. Tukaambiwa kesho kutwa. Siku ya kumi nikapigwa picha nyingine, mama akalipa mara ya pili. Daktari aliiinua dirishani akatikisa kichwa. "Mama, mfupa umeshaanza kuunga, na umeunga kombo."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: ikiwa binadamu aweza kuona mfupa ulio ndani ya nyama, kwa nini ashindwe kuona bahasha iliyo juu ya meza? Nilipoanza kusoma fizikia nilichimba jambo hili, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kuona ndani kulianza Ujerumani, katika mji wa Würzburg, tarehe 8 Novemba 1895. Mwanasayansi Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akipitisha umeme katika chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Chupa aliifunika kwa karatasi nyeusi nzito, lakini kibao kilichopakwa kemikali kando yake kilianza kung'aa gizani. Kumbe palikuwa na miale ipitayo kwenye karatasi! Kwa kuwa hakujua ni miale gani, aliiita X, kama vile sisi tunavyoandika X katika aljebra tusipojua jibu. Tarehe 22 Desemba mwaka huo aliupiga picha mkono wa mkewe, Anna Bertha, na mifupa ikaonekana pamoja na pete. Mwaka wa 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia. Tena hakuomba haki ya kuumiliki uvumbuzi wake. Aliuacha uwe wa watu wote.

Siri yake ni nini? Nyama huipitisha miale hiyo kwa urahisi, lakini mfupa, kwa sababu ya kalisi iliyomo, huizuia. Filamu huwa nyeusi mahali miale ilipofika na nyeupe mahali ilipozuiwa. Kwa hivyo picha ya eksirei ni kivuli tu. Na kivuli kina ila moja: vitu vyote hulaliana, kama karatasi nyepesi iliyoandikwa pande zote mbili ukiiinua juani.

Aliyeitatua ila hiyo ni Mwingereza Godfrey Hounsfield, fundi wa kampuni ya EMI, ile ile iliyojulikana kwa sahani za santuri. Yeye aliipitisha miale kutoka pembe nyingi, kisha akaiachia tarakilishi ikokotoe kilichomo ndani, kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa bila kisu. Jaribio lake la mwanzo lilichukua siku tisa. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine hiyo. Mwaka wa 1979 Hounsfield alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kuitafuta hesabu ya jambo hilo hilo baada ya kufanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka wa 1956. Mnaosema hesabu haina faida, mpo?

Sasa turudi kwa bahasha yangu. Picha zilipoanza kuhifadhiwa ndani ya tarakilishi, kila kiwanda kilitengeneza mashine zenye lugha yake. Mashine ya huyu haikuelewana na ya yule. Mwaka wa 1983 chama cha madaktari wa eksirei na chama cha watengenezaji wa vyombo vya umeme, vyote vya Marekani, viliunda kamati ya kutafuta lugha moja. Toleo la kwanza lilitoka mwaka wa 1985, na mwaka wa 1993 lugha hiyo ikapewa jina la DICOM. Wanachama wenzangu, hiyo ndiyo Kiswahili ya mashine! Kila moja ina lugha ya mama, lakini zikikutana zinaongea DICOM.

Uzuri wa lugha hii ni kwamba jina la mgonjwa, nambari yake na tarehe huandikwa ndani ya picha yenyewe. Karani huandika jina mara moja tu mlangoni. Jina hilo hufika kwenye mashine lenyewe, picha ikipigwa hulibeba, kisha huenda ghalani na kwa daktari, hata akiwa mji mwingine. Hakuna bahasha wala rundo.

Siku hizi programu zinaweza hata kupanga foleni. Mwaka wa 2018 Marekani iliidhinisha programu ya Viz.ai, ambayo huchunguza picha za ubongo na ikishuku kiharusi humtumia daktari bingwa ujumbe kwenye simu, asingoje zamu. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu zitumike kusoma picha za kifua katika kuchunguza kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi.

Lakini tahadhari! Jina likiandikwa vibaya mlangoni, kosa hilo litasafiri upesi kama ukweli. Mwaka jana nilimsindikiza nyanya kupigwa picha ya kifua. Mhudumu akamwuliza, "Nyanya, jina lako kamili? Ulizaliwa mwaka gani?" Nyanya akafoka, "Si nimeshasema kule mlangoni! Nyinyi vijana hamsikii?" Mimi nikamnong'oneza, "Nyanya, mjibu tu. Ndiyo kinga ya mkono kama wangu." Akautazama mkono wangu, akajibu pole pole. Kabla hajamaliza kufunga leso yake, picha ilikuwa mbele ya daktari.

Kwa hivyo, ndugu zangu, si lazima sote tuwe madaktari. Röntgen alituonyesha mfupa; aliyeifikisha picha kwa wakati ndiye anayeuokoa. Awe fundi, awe mwandishi wa programu, awe karani mwangalifu, naye ni mganga.

Nakomea hapo. Na msipande mipera ovyo!