Chaneli Katika Seva ya Mazungumzo

Wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliokwisha maliza masomo hapa, kila siku wengi wenu hupelekeana habari kwa simu katika vikundi vya mazungumzo. Lakini ni wachache wanaojiuliza jinsi maneno ya watu wengi yanavyopita mahali pamoja bila kugongana. Mimi na wenzangu tulitunga seva ndogo ya namna hiyo katika chumba cha kompyuta, kwa lugha ya Go, nami nataka kuwaeleza kazi yake.

Seva ni programu ikaayo katikati. Kila asemalo mtu hupitia kwake kabla ya kuwafikia wengine. Basi, mtu aweza kukaa nusu saa bila kuandika neno, na kama seva ingemngoja yeye, wote wangenyamazishwa. Kwa hiyo kila mtu huwekewa watumishi wawili ndani ya seva: mmoja wa kumsikiliza, na mmoja wa kumpelekea maneno ya wenzake. Katika Go mtumishi huyu huitwa gorutini. Gharama yake ni ndogo mno, kwani huanza na kumbukumbu ya kilobaiti 2 hivi, na kompyuta ya kawaida yaweza kuwa na maelfu yao.

Lakini watumishi wengi huleta shida nyingine. Seva ina daftari la majina ya waliomo. Wawili wakiandika humo kwa wakati mmoja daftari huharibika, na Go ikiligundua jambo hilo huizima programu yote papo hapo. Waweza kulitia daftari kufuli, na wengi hufanya hivyo, wala si vibaya. Njia ya chaneli ni kumpa daftari karani mmoja tu, asiguse mwingine. Aingiaye, atokaye, na mwenye neno la kutangaza, kila mmoja humpelekea karani habari yake kwa chaneli. Karani hungojea chaneli zote tatu pamoja na kuishughulikia ile iliyo tayari, moja baada ya moja. Mzizi wa wazo hili ni makala aliyoandika Mwingereza Tony Hoare mwaka 1978. Go yenyewe ilianzwa Google mwaka 2007 na Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson.

Je, chaneli ni kitu gani hasa? Fikirini dirisha la jikoni wakati wa chakula. Mpishi hutoa sahani, wala haiachii mpaka mkono wa mwanafunzi uishike. Mwanafunzi akichelewa, mpishi husimama na sahani yake. Ndivyo ilivyo chaneli ya kawaida: atoaye humngoja apokeaye, na apokeaye humngoja atoaye. Aina ya pili ni kama dirisha lenye rafu ya sahani 10. Mpishi huweka na kuendelea, naye husimama pale tu rafu inapojaa.

Sasa tuseme karani ana watu 30 wa kupelekea neno, na mmoja yuko mahali penye mtandao dhaifu. Mtumishi wa kumpelekea amekwama, hapokei kitu kingine. Karani amesimama dirishani pake, sahani mkononi. Wale 29 hawapati neno, wala mgeni hawezi kuingia, maana karani ndiye aandikishaye. Seva haikufa, haikutoa onyo lolote, imenyamaza tu. Kwangu mimi hitilafu hii ni mbaya kuliko zote, kwani programu ipigayo kelele inapokufa hukuambia mahali pa kutazama.

Rafu peke yake haiponyi ugonjwa huu, huukawiza tu. Hata ukiweka nafasi 1,000, mtu aliyekwama atazijaza. Dawa ni karani ajaribu kuweka, na akikuta rafu imejaa asingoje, apite. Hapo lazima mtungaji achague: alitupe neno lile, au amtoe mtu yule mpaka aingie tena baadaye. Sisi tulibishana sana. Wengine walisema si haki kumtoa mtu kwa sababu ya mtandao asioumiliki. Mimi nilipendelea atolewe, kwa kuwa aliyetolewa ajua kwamba ametolewa, bali aliyekosa maneno mawili katikati huendelea kuwajibu watu asiyowaelewa. Nikashinda kwa kura moja.

Jambo moja zaidi. Ukimtoa mtu, ukate na muunganisho wake pia, ama sivyo yule mtumishi aliyekwama atabaki amekwama. Na chaneli yake aifunge karani tu, ambaye ndiye atiaye maneno ndani yake, kwa sababu kupeleka neno katika chaneli iliyokwisha fungwa huiangusha programu. Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho yake na atunge seva ya watu watatu wenye chaneli zisizo na rafu, kisha mmoja wao aache kupokea.